Mume wangu ananiletea vitunguu, mimi nasubiri neno

Shangazi shikamoo, pole na majukumu. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo usingizi umegoma nikasema acha niandike tu, ukiona inafaa itoe ila jina langu weka kapuni.

Nina miaka 33, naishi Mbagala, ni fundi cherehani, nina kafremu kangu nashona magauni na sare za shule. Kwenye ndoa huu mwaka wa nane, watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa semi, anapakia bandarini anapeleka Lubumbashi, akirudi anarudi na shaba. Safari moja wiki tatu, foleni ya Kasumbalesa, pale mpakani mwa Zambia na Congo, ikiwa mbaya inafika hata mwezi na kitu. Nyumbani anakaa siku nne tano, anaondoka tena.

Kwanza niseme ukweli, mume wangu sio mtu mbaya. Hanipigi, hanywi, hela ya matumizi inaingia, ada inalipwa kabla hata shule haijadai. Na kila akirudi lazima ashushe gunia la vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, ikikosekana vitunguu basi nyanya za Ilula, au mchele wa Mbeya. Vitunguu nimegawa mtaa mzima mpaka kuna jirani ananiita mama Vitunguu. Lakini shangazi, miaka minane huyu mwanaume hajawahi kuniambia nakupenda, hata siku moja. Hata wakati ananitaka, alikuja kwenye fremu kaleta suruali ipunguzwe, akaniuliza "una mtu?" nikasema sina, akasema "basi nitamtuma mjomba." Ndo kutongozwa kwangu kote huko, hakuna cha ziada.

Akiwa safarini anapiga kila siku, siwezi kumsingizia, ila hiyo simu yenyewe sasa. Mmekula? Watoto wamelala? Geti umefunga? Haya. Kata. Dakika haiishi. Mimi namkaangia visheti kila akiondoka, najaza ile ndoo ndogo ya mfuniko maana vinakaa hata wiki mbili, ndoo inarudi tupu imeoshwa, na hakuna hata "vilikuwa vitamu".

Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa na mimba ya miezi mitano ikatoka. Yeye yuko Kasumbalesa na mzigo wa watu, gari huwezi kuiacha. Dada yangu ndo alimpa taarifa, akanipigia, akanyamaza weee, halafu akasema pole, Mungu atatupa mwingine. Jioni ikaingia laki tatu kwenye simu. Alivyofika baada ya siku kumi na mbili akauliza kama nimekula, kesho yake asubuhi akashika spana akatengeneza bomba la bafuni lililokuwa linavuja tangu mwaka jana. Na vile vitu vya mtoto nilivyokuwa nimeshaanza kununua, beseni la bluu, vishuka viwili na doti moja ya kanga, sikuviona tena, niliamka siku moja nikakuta kabatini havipo. Sikuuliza, hakusema. Tukaendelea.

Juzi kati hapa nikaona nimwambie. Nikaandika meseji ndefu wasap, saa nzima naandika nafuta, nikamwambia najisikia mpweke, sio hela, nataka nijue kama nipo moyoni mwako. Tiki zikawa za bluu. Nikasubiri. Zikapita kama dakika arobaini akanitumia dole gumba. Shangazi, dole gumba! Usiku akapiga, "mmekula?" kama hakuna kilichotokea.

Mama yangu nilivyomwambia alicheka, akasema wenzio wanapigwa, wenzio wana michepuko mpaka mlangoni, wewe unataka akuimbie taarabu? Shoga yangu yeye akaniambia nimnunie mpaka aongee, nisipokee simu zake wiki nzima. Nilijaribu, siku ya pili tu akampigia jirani kuuliza kama tuko salama, nikaona aibu nikapokea.

Kuna kingine naona aibu kukiandika. Kuna mteja, mtu mzima tu na heshima zake, namshonea mashati. Siku hizi ananitext asubuhi, umeamkaje fundi wangu, jana nimekuona na lile gauni la njano, lilikutoa kweli. Hakuna kilichotokea shangazi, naapa, ila nimejikuta nikiamka cha kwanza ni simu. Nikisoma zile meseji najisikia mtu. Mume wangu hata hajui kama nina gauni la njano, na nimelishona mwenyewe.

Sasa nauliza, nimnunie mpaka aelewe, nikakae kwa mama Tanga kidogo, au nikubali tu kwamba ndo alivyo? Na nikikubali, mpaka lini? Naogopa siku nitakayoamka nikute sijali tena.

Ni mimi fundi, Mbagala.

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na pole. Hiyo pole nitairudia huko chini, ina kazi yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka kwenye dole gumba, unisamehe, nina kaka yangu wa tumbo moja yuko vile vile, ukimtumia picha ya mtoto mchanga anajibu "poa". Mara ya pili sikucheka. Kama nimekupata vizuri, una mume anayebeba nyumba, anayepiga kila siku iendayo kwa Mungu, na bado unalala peke yako hata akiwa kitandani. Akili inakubali unapendwa, moyo unadai risiti. Na kila unayemwambia anakuhesabia mabaya ambayo mumeo hana, hapigi, hanywi, hachepuki, kama vile kukosa kupigwa ndo kupendwa kwenyewe. Hapo sikubaliani na mama yako, japo namheshimu. Mtu anaweza kuwa na mume asiye na kosa na bado akawa na njaa, na njaa yako sio deko.

Ila kuna kitu nimekiona mara ya tatu. Vitunguu umenielezea mpaka jina ulilopewa mtaani, dole gumba umelipa aya yake nzima, halafu mtoto wa miezi mitano umempa mistari michache ukafunga na "tukaendelea". Mwanangu, mliendelea kweli? Nauliza kwa sababu umesema miaka minane hajakuambia nakupenda, lakini kwenye hiyo minane, saba hukuniandikia. Ulikuwa unagawa vitunguu na maisha yanaenda. Sisemi huko nyuma ulikuwa huumii, labda ulikuwa unaumia ukimezea, wewe ndo unajua. Najiuliza tu kama unachodai ni lile neno nakupenda, au unadai msiba ambao mpaka leo haujakaliwa matanga. Maana akija akakuambia nakupenda kesho asubuhi, halafu akatoka akaenda kucheki matairi, utakuwa umepata ulichokosa tangu mwezi wa pili?

Sasa ile pole. Sisi Waswahili neno hili tunampa aliyejikwaa kidole, tunampa aliyetoka kazini, tunampa aliyeshuka basi la mkoani, na tunampa aliyezika. Neno moja hilo hilo. Ndo maana kwenye msiba hatuachi pole iende peke yake, tunaisindikiza, mtu anakuja analala kwako siku tatu, anaosha masufuria, anakaa tu mkekani bila kuongea na hiyo ndo pole yenyewe. Ya mumeo ilikuja peke yake kwenye simu kutoka mpakani, na mwenyewe alifika siku ya kumi na mbili, watu wameshaondoka, wewe umeshaanza kushona tena. Nadhani alikuta mkeka umeshakunjwa akashika spana. Nasema nadhani, sikuwepo.

Na hapa sitaki uje useme shangazi anatetea wanaume. Meseji kama ile yako haijibiwi kwa dole gumba, mimi ningelia. Lakini zile dakika arobaini zimenishika. Ingekuwa ni kupuuza, dole gumba lingekuja sekunde hiyo hiyo. Inawezekana na yeye aliandika akafuta, kama ulivyoandika ukafuta, mwisho akaona bora kidole. Inawezekana pia alikuwa kwenye mizani wanampima uzito na hakuna chochote cha maana hapo. Mimi sijui na wewe hujui, ila wewe umeshachagua jibu moja kati ya hayo na unaishi nalo.

Kingine, umeshawahi kufikiria zile simu anazipiga akiwa wapi? Dereva kwenye foleni ya mpaka yuko na tandiboi pembeni, dirisha liko wazi, wenzake wamekaa chini ya tela wanapika ugali kwenye jiko la mkaa, wote masikio. Kuna wanaume wanaweza kumwambia mtu "mpenzi wangu nimekumiss" mbele ya kadamnasi ile, lakini yule aliyekutongoza kwa kusema atamtuma mjomba sidhani kama ni mmoja wao. Kwake yeye geti limefungwa ndo shairi. Kutoka Dar mpaka Tunduma tu ni zaidi ya kilomita 900 na hapo hajavuka Zambia, na mtu anayeendesha usiku akiwaza mlango wake huko nyuma, akisikia umefungwa analala. Hilo ni pendo? Kwa wengine ndiyo. Linakutosha wewe? Umeshaniambia halikutoshi, na hiyo nayo ni haki yako.

Ila na wewe bibie nikuulize, wewe unamwambiaje? Nimetafuta kwenye barua yako mahali ulipomwambia nakupenda kwa mdomo, sikupaona. Nimeona visheti. Nakujua kazi ya visheti, kukanda, kukata, kukaanga, kuvizungushia sukari ile ya moto mpaka vidole vinaungua, na unafanya hivyo kila safari. Kwa hiyo wewe unaongea kwa ndoo, yeye anaongea kwa gunia, na kila mmoja anasubiri mwenzie afungue mdomo kwanza. Na hiyo ndoo inarudi imeoshwa, mwanangu. Kule kwenye maegesho ya malori maji ni ya kununua au ya kuchota mbali. (Labda anayeosha ni tandiboi, basi mumuongezee posho.)

Hii sio tabia yenu tu. Bibi zetu wa pwani walikuwa na la moyoni wanalitafutia kanga, jina likishaandikwa pale juu ya pindo la chini anavaa anapita mbele ya anayehusika, kazi imeisha, hakufungua mdomo. Baba zetu nao ana kwa ana walikuwa magogo, lakini wakikaa na kalamu utasikia salamu nyingi kama mchanga wa baharini, mimi huku mzima wa afya hofu ni kwako. Siku zote tumependa kupitisha mapenzi kwenye kitu kingine, kitambaa, barua, sahani iliyofunikwa kawa. Wala sikuambii hivyo ili ukubali yaishe kwamba ndo utamaduni, maana utamaduni umeficha uvivu wa watu wengi sana. Nakuambia ili usijione umeolewa na jiwe.

Haya, tuje kwenye maswali yako.

Kununa. Unaweza, ila fikiria unanunia nani. Mtu ambaye kunyamaza ndo fani yake, utashindana naye kwenye uwanja wake wa nyumbani. Na ile siku ya pili alivyompigia jirani ilikuonyesha kitu, alishtuka. Sasa kumshtua mtu aliyeko barabarani na tani zote zile nyuma yake ili nipate neno, hilo mimi lingenitisha kidogo. Pengine shoga yako mume wake anarudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, dawa yake kwake inafanya kazi.

Tanga. Kupumzika kwa mama hakujawahi kuua ndoa, na huenda unahitaji kulala mahali ambapo sio wewe unayefunga geti. Hatari ni moja, ukiondoka bila kusema unaondoka kwa nini, atarudi akute haupo, kama wewe ulivyoamka ukakuta beseni halipo. Nyumba yenu tayari vitu vinapotea kimya kimya. Ukienda mwambie, naenda wiki mbili, nimechoka, nalia usiku, nitarudi tarehe fulani.

Kukubali. Wapo wanawake wamekubali na wamezeeka vizuri tu na mabubu wao, nawajua na nyumba zao zina furaha. Wapo waliosema wamekubali kumbe wameweka akiba ya kinyongo, na hiyo riba yake kubwa. Ile sentensi yako ya mwisho, ya kuamka usijali, inanionyesha wewe bado hujakubali na pengine hutaki. Sio vibaya kutokutaka.

La nne hukuliuliza, kusema naye. Kwa simu mlishajaribu. Siku anayofika nayo sio, mwache alale. Na usimkalishe kwenye kochi ukamwambia mume wangu tunahitaji kuongea, wanaume wa hivi ukimkalisha hivyo anajiona yuko mbele ya trafiki. Mkute anafanya kitu, anafunga tairi la baiskeli ya mtoto, anapanga hayo magunia, kaa hapo chini menya vitunguu, macho ya wote wawili yako kwenye kazi. Watu wa kutumia mikono ulimi wao unalainika mikono ikiwa na shughuli. Na omba kitu kidogo anachoweza kukishika. "Nipende" ni kubwa, hajui pa kuishikia. "Ukipiga, kabla hujauliza geti, niulize mimi nimeshindaje" hiyo ina mpini. Hatari ipo, ataifanya kama ratiba, kila siku "umeshindaje" kavu kama mkaguzi wa tiketi, na wewe utasema kwa kuwa nimemuomba haina thamani. Hapo uamue mwenyewe kama kitu cha kuombwa ni cha bandia. Visheti vya kwanza kabisa, alikuomba au ulijitolea?

Kuna wangemtafuta yule mjomba, ndiye mshenga, kazi yake haikuisha siku ya harusi. Anaweza kumwambia asichoweza kusikia kutoka kwako. Anaweza pia kumfanya ajisikie umemuanika, na mtu wa kimya akianikwa anaingia ndani zaidi. Unamjua mjomba kuliko mimi.

Na usingizi. Umesema umegoma, hukusema tangu lini. Kama ni tangu mwezi wa pili, tafadhali nenda hospitali ya wilaya au kituo cha afya, uwaambie nilipoteza mimba na sijakaa sawa, uulizie mnasihi au mtu wa ustawi wa jamii. Mwili uliobeba miezi mitano haurudi kwa kutengenezewa bomba.

Lile beseni. Mimi barua yako imenikaba pale. Labda alilitupa ili usiumie ukiliona, labda kampa mtu, labda kalipeleka kwa mama yake, labda limekaa nyuma ya kiti kwenye gari linaenda Congo na kurudi na yeye hajui alifanyie nini. Mtu aliyetoa vitu vya mtoto usiku usiku sio mtu asiye na habari, ila pia hakuwa na haki ya kuamua peke yake, na unaweza kumkasirikia kwa hilo huku unamuonea huruma, vyote vinakaa pamoja. Hujui hata kama amelia. Yeye hakumuona huyo mtoto, hakukuona wewe ukiwa hospitali, alisikia kwenye simu akiwa kwenye foleni. Kuuliza tu "lile beseni liko wapi" ni maneno manne, kwa mtu wa maneno machache hiyo ni lugha yake. Jibu linaweza kukuuma, jiandae nalo.

Sasa yule mteja uliyemficha chini kabisa ya barua, kama mtu anayeficha mfuko wa sukari nyuma ya mchele. Sikukemei. Umeona kaandika umependeza na umekunywa kama mtu aliyetoka juani, sio dhambi kuwa na kiu. Nikuulize tu, zile meseji zikikatika kesho, utamkosa yeye au utakosa maneno? Kama ni maneno, kuna njia ya kuyatafuta. Kama ni yeye, basi hilo ni jambo jingine na ujiambie ukweli mapema kabla mtaa haujakuambia. Yeye anakuona dakika kumi umevaa umenukia, gharama yake ni bando tu. Mimi ningeangalia kitu kimoja, usije ukamsimulia yeye habari za mwezi wa pili kabla hujazizungumza na mwenye nyumba. Siku hiyo shati litakuwa limeshakuwa kisingizio.

Na hilo gauni la njano, umesema mumeo hajui kama unalo. Umeshawahi kulivaa yeye akiwepo? Au zile siku zake nne anakukuta na dera lile la kupikia? Sikulaumu, nyumbani ni nyumbani. Ila ukija kulivaa, usitegemee mashairi, huyo wako nahisi atakuuliza kitambaa kilitumika mita ngapi. Sikiliza anavyouliza, kisha uniandikie.

Shangazi yako.